Dole gumba la mama

Swali lenu la wiki hii, "Unapomzika mpendwa wako, unatumaini nini hasa?", nimelisoma mara mbili kwa sababu ya neno lile la mwisho. Msibani tunasema mengi, na mengine tunayasema ili tu kimya kisitushinde. Naomba nijibu kwa habari za mama yangu, ambaye tulimzika kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, Old Moshi, mlimani Kilimanjaro, mwaka juzi, wakati wa masika.

Asubuhi ya mazishi tulikwenda mochwari wanawake watatu, mimi, shangazi na jirani yetu tunayesali naye usharika mmoja, kumwosha na kumvika. Maji tuliyatia uvuguvugu, ingawa hakuwa tena mtu wa kusikia baridi. Nilipofika mkono wa kulia nikakuta dole gumba ni jeusi vilevile kama siku zote. Ni utomvu wa ndizi. Mwanamke wa huku humenya ndizi mbichi tangu utotoni, na utomvu ukishazama kwenye mistari ya kidole hautoki kwa sabuni wala kwa limau. Nikasugua. Nikalowesha taulo, nikasugua tena, kana kwamba ningeulizwa mbele ya watu kwa nini mama amesafiri hivyo. Shangazi akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Huyu ndiye yeye."

Mchana, kaburini, mzee mmoja wa ukoo alisimama kati ya migomba akatufariji. Mgomba umeanguka, alisema, lakini machipukizi si haya hapa? Watu wakaitikia. Maneno mazuri, na kwa mtu wa kihambani ni ya kweli kabisa: mgomba huzaa mkungu mmoja tu, ukakatwa, na chipukizi lililo ubavuni mwake likashika nafasi. Ndivyo tunavyorithishana hata ardhi yenyewe. Nimelifikiria neno lile tangu siku ile, na kwa heshima zote kwa mzee wetu, naona halinitoshi. Chipukizi si mgomba ule. Kama tumaini letu ni hilo, basi sisi watoto tupo, wajukuu wapo, na mama kwisha.

Paulo alipowaandikia Wakorintho hakutumia mfano wa namna hiyo. Katika kanisa lile walikuwapo waliosema hakuna ufufuo wa wafu, na si ajabu, maana Wagiriki wengi wenye elimu waliuona mwili kama kifungo ambacho roho hufurahi kukivua. Yeye akashika mbegu. Kinachopandwa ndicho kinachoinuka, kikiwa kimebadilishwa, kimepewa uzima usioharibika. Hazungumzii kumbukumbu ya marehemu wala wema aliouacha. Na uzito wote anauegemeza kwenye jambo moja: kama Kristo hakufufuka, anasema, imani yenu ni bure. Hakujiachia mlango wa kutokea.

Kwangu mimi habari ya Tomaso ndiyo inayonishika zaidi. Yesu aliyefufuka alikuwa bado na alama za misumari mikononi. Mwili mpya, usiokufa tena, na bado una makovu ya yale aliyoyapitia, hata rafiki zake wakamtambua kwa hayo. Nilipolisoma hilo baada ya msiba niliiweka Biblia chini nikalikumbuka dole gumba. Sidai kwamba utomvu utakuwepo mbinguni. Ninachoamini ni kwamba Mungu atamfufua huyu aliyemenya zile ndizi, yeye mwenyewe, na nitamjua.

Kuna jambo linaniuma na lazima niliseme. Katika msiba mmoja baada ya ule wa kwetu, mhubiri aliwaambia wafiwa kwamba wanaolia wameonyesha hawana imani. Mama wa marehemu alikuwa ameketi mbele kabisa, akaufunika mdomo wake kwa khanga. Mimi nasema pale alikosea, tena vibaya. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro akijua kwamba muda si mrefu atamwita atoke. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na tumaini, na hayo ni mawili tofauti. Na sisi Walutheri tunao ushahidi wa nyumbani: mwaka 1542 Martin Luther alifiwa na binti yake Magdalena, mtoto wa miaka 13. Mtu aliyehubiri ufufuo miaka yote hiyo alimwandikia rafiki yake kwamba yeye na mkewe Katharina walipaswa kushukuru kwa mtoto kuondoka salama, lakini hawakuweza kuacha kulia.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi tunapomwambia mfiwa kwamba Mungu alimhitaji zaidi mtu wake, au kwamba amechuma ua zuri. Maandiko yanakiita kifo adui, adui wa mwisho. Mtu hulia adui akiingia nyumbani kwake. Anayetumaini hulia huku akijua kwamba adui huyo naye ana siku yake.

Watu huniuliza, sasa hivi mama yuko wapi? Nawajibu kwa neno alilopewa yule mnyang'anyi msalabani, kwamba leo hii atakuwa pamoja na Bwana. Zaidi ya hapo simsumbui mtu na ratiba. Lugha yetu yenyewe inamwita marehemu, yaani aliyerehemiwa, na mimi nalichukua neno hilo kwa uzito wake wote.

Wazee wetu wa mlimani, kabla ya wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, kufika huku mwaka 1893, nao hawakuamini kwamba wafu wameisha. Walimwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, chini, walichinja, waliwaita kwa majina. Siwadharau hata kidogo. Walikataa kumsahau mtu, na katika hilo tunafanana nao. Lakini ndani yake ilikuwamo hofu, kwamba marehemu asiporidhishwa ataleta ugonjwa nyumbani. Mimi naamka usiku, napita kando ya kaburi la mama kwenda kumtazama ng'ombe, wala sitetemeki. Hanidai kitu. Yuko mikononi mwa aliyemfia.

Miezi sita baada ya mazishi tulijenga kaburi. Kaka zangu walikuja kutoka Dar es Salaam, tukanunua saruji, akaitwa fundi wa hapa jirani. Hatukuweka marumaru, mama asingependa. Juu, kwenye saruji mbichi, fundi aliandika jina lake na miaka yake vizuri sana, kwa ncha ya msumari. Chini yake akaongeza maneno ambayo wengi humwomba, nasi hatukuwa tumemwambia: "Hapa amelala milele mama yetu mpendwa."

Nikamwomba asimame kidogo. Kaka mkubwa akaniuliza kuna kosa gani, mbona limeandikwa kwa mkono mzuri. Nikamwambia kosa ni "milele". Amelala, ndiyo, na hapa, ndiyo. Kaka akalisoma tena kimyakimya, midomo ikicheza, kisha akamwangalia fundi akatikisa kichwa kukubali. Fundi akachovya mwiko kwenye ndoo ya maji, akalifuta neno hilo kabla saruji haijashika.

Msomaji, Old Moshi