Muulize Sajini Mstaafu: Bastola ya Bei Mara Tatu

SWALI: Shikamoo Mama Sajini. Nanunua mahindi na alizeti hapa Kibaigwa, na msimu ukifika naingia hadi vijiji vya Kiteto na fedha taslimu kwenye gari. Baada ya kuzungushwa sana, mara barua ya serikali ya kijiji, mara wilayani, mara polisi, nimekubaliwa kumiliki bastola moja. Muuzaji ananipa chaguo mbili. Ya kwanza ni Glock 17 mpya. Ya pili ataniagizia: 1911 ya Kimarekani, chuma kitupu, inang'aa, na anasema imetengenezwa na fundi mmoja kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Bei yake ni zaidi ya mara tatu ya Glock. Fedha ninayo, mwaka huu Mungu amenijalia. Rafiki zangu wananiambia rahisi ghali, nisifanye ubahili kwenye uhai wangu. Nichukue ipi? (M., Kibaigwa)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mizunguko. Chukua Glock.

Rafiki zako wasikutishe na "rahisi ghali". Maneno hayo nawashuku wenye maduka ndio waliotunga. Na hata kama ni kweli kwenye betri za gari na viatu vya shule, Glock si bidhaa rahisi. Rahisi ni ile bastola kuukuu unayoambiwa "ilikuwa ya mzee fulani, haijapigwa", kumbe kiwanda kilishafungwa na springi yake hupati popote. Star za Hispania ni mfano mzuri. Enzi zake zilikuwa bastola za maana, kampuni ikafa mwaka 1997, na leo pini ya kupigia ikivunjika umebaki na kipande cha chuma chenye leseni. Kati ya bastola ya namna hiyo na Glock, ongeza fedha bila kujiuliza. Kati ya Glock na hiyo ya mara tatu ndipo penye maneno.

Unalipia nini pale? Unalipia saa za fundi. 1911 ni mchoro wa John Browning, mbunifu wa silaha wa Kimarekani. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka huo wa 1911 na likakaa nayo mpaka 1985. Zile za kijeshi za zamani ukiitikisa karibu na sikio inalia kidogo, slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikipigwa) inacheza juu ya fremu (mwili wa chini wenye kishikio), na hakuna askari aliyelalamika, maana ilikuwa silaha ya kuishi kwenye matope. Sasa mafundi wa siku hizi, wa kampuni za Kimarekani kama Wilson Combat au Nighthawk, wanachukua slaidi na fremu zilizoachwa nene makusudi, wanazisugua kidogo kidogo mpaka zinaoana bila nafasi ya kupitisha unywele. Mtutu nao wanaufunga hivyo hivyo mdomoni. Kwa kazi hiyo mnunuzi wa Marekani anatoa zaidi ya dola 3,000, wakati Glock 17 huko inazunguka kwenye dola 600. Na si wizi. Bastola za aina hiyo huja na hakikisho kwamba risasi zitaingia kwenye duara la inchi moja au moja na nusu kwa yadi 25. Glock ya kawaida, mkono ukiwa mzuri, itakupa inchi tatu au nne.

Yadi 25 ni kama mita 23. Pale sokoni kwenu panga Fuso mbili kichwa kwa mkia, uache na nafasi ya mtu kupita: huo ndio umbali ambao fedha yako ya ziada inaanza kuonekana. Anayetaka begi lako hatasimama huko. Atakuja dirishani, au atatokea nyuma ya magunia. Kwa umbali huo bastola zote mbili zinapiga palepale, na kinachoyumba ni mkono wako.

Halafu kuna vumbi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mvua yetu ya mwaka mzima inakuja kati ya Desemba na Aprili. Wewe unanunua baada ya mavuno, yaani unatembea na hiyo bastola miezi ile ile ambayo barabara ya Kiteto haina hata tone la maji. Nilipokuwa ghala la silaha tulikuwa tukiwatoa vijana kwenda kulenga shabaha kiangazi, na jioni bastola zinarudi mezani kwangu. Unavuta slaidi, unaitoa, unageuza chini juu. Kwenye reli, ile mifereji ambayo slaidi inatembelea, unakuta uji mwekundu: mafuta yamekutana na vumbi. Usugue kati ya dole gumba na kidole cha shahada, unahisi chenga. Bastola yenye nafasi kidogo inausukuma uji ule pembeni na kazi inaendelea. Iliyobanwa haina pa kuusukumia. Slaidi inarudi kwa uvivu, haifiki mwisho, na ganda la risasi linanaswa pale juu likiwa limesimama wima. Kulitoa unahitaji mikono miwili na akili iliyotulia, vitu viwili ambavyo siku hiyo hutakuwa navyo.

Sisemi 1911 ya bei haiwezi kufanya kazi Dodoma. Inaweza, ikifunguliwa na kufutwa kila jioni, na ikiwekwa mafuta tone moja kwa kila reli badala ya kumwagiwa. Lakini wewe unarudi usiku umepakia tani kadhaa, umegombana na madalali, hujala. Utaifungua? Hata mimi nisingeifungua.

Tuje kwenye triga, yaani kifyatulio. Ile iliyotengenezwa kwa mkono ina triga tamu, fupi, ya kuvuta kwa nguvu ya kilo mbili au pungufu. Walengaji wanailipia kwa furaha. Ila ili 1911 iwe tayari, unaibeba nyundo ikiwa imekokwa nyuma na sefti, kile kitufe cha pembeni cha kuizuia isipige, imepandishwa. Siku ya siku ni lazima dole gumba likumbuke kushusha ile sefti, na baadaye likumbuke kuipandisha. Mtu aliyefundishwa kwa miaka analifanya usingizini. Mfanyabiashara aliyepata leseni juzi, naogopa zaidi ile sehemu ya kuipandisha.

Glock nayo ina lake, nisiifanye malaika. Haina sefti ya kubonyeza pembeni. Kinga yake ya nje iko kwenye triga yenyewe, nyingine mbili ziko ndani, na ukivuta triga inalia, basi. Kwa hiyo usiiweke mfukoni na funguo, usiichomeke kiunoni uchi kama wanavyofanya kwenye sinema. Nunua ala ngumu inayofunika triga yote, na kidole kikae nje mpaka umeamua kupiga. Triga yake ni kama kilo mbili na nusu, ina safari ndefu kidogo, na kwa mtu kama wewe hilo ni jambo jema.

Swali la kumuuliza muuzaji kabla hujamsifia mng'ao: risasi za .45 anazo ngapi, na mwezi ujao atakuwa nazo? 1911 nyingi zinakula .45, saba au nane kwenye magazini. Glock 17 inakula 9×19, risasi ya milimita tisa aliyoibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, ambayo leo ndiyo ya kawaida kuliko zote kwenye bastola za majeshi na polisi duniani, na inabeba 17. Risasi hununui bila kibali, hilo unalijua. Sasa fikiria una kibali mkononi na duka halina.

Uzito nao: 1911 ya chuma ni kilo moja na gramu mia hivi kabla ya risasi. Glock ni kama gramu 700. Ukiendesha kutwa na mkanda kiunoni utajua ninachosema.

Mwanangu mmoja alinibishia kwamba kama ni silaha ya kuokoa maisha, basi ya bei kubwa ndiyo wanayonunua wanaojua. Nikamwonyesha Waingereza. Mwaka 1935 Browning Hi-Power ilitoka Ubelgiji, na jeshi la Uingereza lilikaa nayo miongo mingi. Januari 2013 walitangaza wanaiacha. Walinunua nini? Glock 17, zaidi ya 25,000, kwa mkataba wa pauni milioni 9. Gawanya mwenyewe. Wale watu wanapeleka askari jangwani na kwenye baridi, wangeweza kulipa zaidi, na wakachukua ile ile unayoonyeshwa wewe dukani.

Lini ningesema toa fedha? Kwanza, ukiwa mlengaji wa mashindano, unayepiga mamia ya risasi kwa mwezi. Hapo triga nzuri na mtutu uliofungwa sawasawa vinakurudishia fedha yako kwenye karatasi ya shabaha, na fremu nzito inameza teke. Pili, kama Glock haikukai mkononi. Kishikio chake ni kinene, na wenye viganja vidogo, nikiwemo mimi, hawaipendi sana. Mimi moyo wangu uko kwa CZ 75 ya Wacheki: chuma, ya mwaka 1975, slaidi inatembea ndani ya fremu badala ya nje, inakaa chini mkononi na inapiga kwa upole. Ni nzito, karibu kilo, lakini ni bastola ya kiwandani na bei yake ni ya kibinadamu. Ukiikuta mpya, ishike kabla ya kuamua. Na kama unapenda jina tu, basi ujue majina yanahama: Colt yenyewe, jina la Kimarekani kuliko yote, tangu mwaka 2021 iko chini ya hao hao Wacheki.

Usijidanganye pia kwamba ya bei utaiuza kwa bei. Bastola haiuzwi kama Noah. Anayenunua lazima naye apite njia uliyopita, mpaka polisi, na atakayefika mwisho akiwa na fedha ya kulipia mng'ao wa bastola yako huko Kongwa simjui.

Ile fedha inayobaki ina kazi. Nunua sefu, ifungwe kwa bolti ukutani au sakafuni, maana bastola juu ya kabati ni bastola ya watoto. Nunua ala nzuri na mkanda mgumu. Mkanda laini wa suruali unaining'iniza. Lipia mwalimu kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, na uanze kwa kujifunza kuitoa, kuifungua na kuifunga bila risasi hata moja chumbani. Weka akiba ya springi inayorudisha slaidi, kitu cha bei ndogo ambacho watu hawakibadilishi mpaka slaidi ianze kusuasua.

Na hili hukuniuliza: wakulima wangapi kati ya wale wa Kiteto wanapokea fedha kwa simu? Ukipunguza nusu ya hilo begi umefanya kazi ambayo bastola yoyote haiwezi. Najua, watalalamikia makato ya kutolea. Lipa makato.

SWALI: Shikamoo. Baba mkwe amefariki Mpwapwa na ameacha bastola ndogo ya Walther, 7.65. Shemeji zangu wanasema ni ya Kijerumani, ina thamani kubwa, tuiuze tugawane. Mume wangu anataka kuibakiza kama kumbukumbu. Kwa sasa iko sandukuni. (Mama wa watoto watatu, Mpwapwa)

JIBU: Marahaba, na poleni kwa msiba. Anzeni leo, si kesho, kuiondoa sandukuni kwa njia ya polisi. Leseni ile ilikuwa ya marehemu, nanyi nyote sasa mnakaa na silaha isiyo na mwenyewe kisheria. Msimamizi wa mirathi afike polisi wilayani na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, aeleze, na hapo apewe utaratibu wa kuikabidhi. Asiibebe mwenyewe barabarani kabla hajaambiwa namna. Mumeo akitaka kuimiliki aombe kama mwombaji yeyote, wakati silaha iko mikononi mwa polisi.

Kuhusu thamani, waambie shemeji watulie. Walther za jamii ya PP, ambazo huenda ndizo kama hiyo yenu, zilianza kutoka mwaka 1929, zikatengenezwa kwa wingi, na risasi ya 7.65 ni dhaifu kuliko 9×19 na haitafutwi sana. Jina ni kubwa kuliko bei. Hakuna mtu wa kugawana utajiri hapo, msije mkanuniana bure kwenye arobaini ya mzee.

SWALI: Mama Sajini, eti Glock kwa sababu ni ya plastiki haionekani kwenye mashine ya uwanja wa ndege? Tumebishana kijiweni hapa Nkuhungu mpaka soda zimewekwa rehani. (Kijana wa Dodoma)

JIBU: Aliyesema haionekani anunue soda. Plastiki hasa ni fremu, tena nayo ina vipande vya chuma ndani. Slaidi ni chuma, mtutu chuma, springi chuma, risasi ndiyo usiseme. Inaonekana vizuri kabisa, na umbo lake halifichiki. Mwenye leseni anayesafiri nayo anawasiliana na shirika la ndege na polisi kabla ya siku ya safari, anaitangaza kaunta ikiwa tupu, risasi zikiwa mbali nayo, na anafika mapema kuliko abiria wengine maana karatasi zitachukua muda. Mimi nataka Mirinda.