Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Siwatupii Mahindi Bata Mzinga

Lowell, Massachusetts

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimetufika, nasi hatujambo. Baada ya kuziona picha za bata mzinga wa mwituni wanaoingia uani kwetu, uliniuliza kwa nini siwatupii hata konzi moja ya mahindi, ukanikumbusha kwamba tumekulea kwa methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwanangu, wenyeji hapa ni wao. Walijaa katika misitu ya jimbo hili hadi walowezi walipoikata miti ili walime, na wawindaji wakawamaliza waliosalia. Kufikia mwaka 1851 hakuwa amebaki hata mmoja. Katika karne ya ishirini watu walijaribu mara kadhaa kuwarudisha kwa kuwaachia porini ndege waliofugwa, na kila jaribio likashindwa, kwa kuwa ndege aliyezoea kuletewa chakula hajui kujitafutia wala kumkwepa mbweha. Kilichofaulu ni kuwahamisha ndege 37 wa mwituni hasa kutoka jimbo la New York na kuwaachia katika vilima vya Berkshire, magharibi mwa jimbo letu, mwaka 1972 na 1973, wakati mashamba mengi ya zamani yalikuwa yamekwisha kugeuka msitu tena. Leo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 30,000 katika jimbo zima. Sitaki wazoee kuletewa chakula kama wale waliofugwa, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuyaacha mahindi guniani.

Sababu ya pili ni tabia yao. Bata mzinga huishi kwa vyeo, kila mmoja akimjua aliye juu yake na aliye chini yake, na wakizoea kulishwa huondokewa na hofu, kisha huanza kumpanga binadamu katika ngazi hizo hizo. Mtaa wa pili kuna jirani anayewamwagia nafaka, na sasa dume mmoja humfukuza mleta barua na kulidonoa gari jeusi, akidhani sura yake anayoiona kwenye mlango wa gari ni mpinzani. Dume aliyekomaa aweza kufika kilo kumi. Si wa kuchezewa, hasa mbele ya watoto.

Wala hawana njaa. Kipindi cha majani kupukutika huja chini ya mialoni yetu, wakachakura majani kwa miguu kama kanga wa kule kwetu, wakimeza matunda ya mialoni mazima mazima. Kiangazi hula panzi na mbegu za nyasi. Jioni huruka, kwa kishindo ambacho hutakitarajia kwa mwili mzito namna ile, wakalala juu ya miti. Majike hutaga chini, aghalabu mayai kumi hadi kumi na mawili, huatamia kwa muda wa siku 28, na vifaranga huanza kurukaruka kabla hawajatimiza wiki mbili.

Ninachokipenda zaidi ni majira ya kuchipua, madume wanapotanua mikia na kuburuta mbawa, vichwa vyao vikibadilika kutoka wekundu hadi weupe na buluu. Mara nyingi huwa wawili au watatu wakicheza pamoja, na nilishangaa kuona ni mmoja tu anayempanda jike. Mtafiti Alan Krakauer, aliyewachunguza huko California, alionyesha mwaka 2005 kwamba wasaidizi hao ni ndugu wa yule mkubwa: hawapati watoto wao wenyewe, lakini damu yao huendelea kupitia watoto wa ndugu yao. Baba yako anasema amewahi kuona harusi za namna hiyo.

Basi ukija, jitahidi iwe mwezi wa Aprili, nawe utawaona vizuri kutoka dirisha la jikoni. Darubini imo kabatini. Kile chombo cha kulishia ndege wadogo ulichoninunulia nimekiondoa hadi majira ya baridi, kwa sababu mbegu zilizokuwa zikidondoka chini zilikuwa zinawaita, na hilo lingekuwa kuwalisha kwa mlango wa nyuma.

Mama yako akupendaye