Maswali na Majibu: Nani anaruhusiwa kuwa afisa wa mahabusu Uingereza?

Niligusia hapa kwa ufupi kazi ya sajenti anayesimamia mahabusu kwenye vituo vya polisi vya Uingereza, maswali yakamiminika. Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili kwenye vituo hivyo, nimesimama mbele ya ile kaunta ndefu usiku wa manane, na kazi hii ninaiheshimu sana inapofanywa vizuri. Ninayoyaeleza ni ya England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Shikamoo. Nimeona tangazo la kazi ya kuwahudumia watu waliokamatwa, na halitaki uwe polisi. Kumbe afisa wa mahabusu si lazima awe askari? (Msomaji, Leicester)

Marahaba. Hizo ni kazi mbili, ila zinafanyika chumba kimoja, ndiyo maana watu wanazichanganya. Uliyoiona wewe ni ya mtumishi raia. Yeye anapekua, anachukua alama za vidole na picha, anapeleka chakula na kuchungulia selo. Mamlaka hayo anapewa na Sheria ya Mageuzi ya Polisi ya 2002. Anatakiwa awe na miaka 18 au zaidi, awe na haki ya kufanya kazi nchini na apite upekuzi, yaani achunguzwe historia yake. Majeshi mengine ya polisi huajiri wenyewe, mengine hupitia kampuni binafsi.

Anayeamua mtu abaki ndani au aachiwe ndiye afisa wa mahabusu hasa. Huyo lazima awe polisi, tena mwenye cheo kisichopungua sajenti. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 36 cha sheria ya 1984 ya polisi na ushahidi wa jinai, ambayo kila mtu kituoni anaiita PACE. Asipopatikana kwa wakati huo, askari wa cheo kingine anaweza kumshikia nafasi.

Ili ufike hapo unaanza ukonstebo, unamaliza kipindi cha majaribio, unafaulu mtihani wa sheria wa kupandia usajenti, unapita usaili wa jeshi lako, kisha unakaimu cheo kwa miezi 12 huku ukipimwa kazini. Mafunzo ya mahabusu yenyewe yanakuja juu ya hayo.

Kwa nini wang'ang'anie sajenti? Si kazi ya kufunga na kufungua mlango tu? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, ndugu yangu, na swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii.

Kifungu hichohicho cha 36 kina sharti jingine, nami naliona kubwa kuliko cheo: afisa wa mahabusu asiwe na mkono katika upelelezi wa kesi ya mtu anayemshikilia. Mpelelezi anataka majibu, na anayataka sasa hivi. Afisa wa mahabusu anatakiwa aweze kumwambia, "Bado." Mtu huyu hajalala saa nane mfululizo ndani ya saa 24. Ameomba wakili na wakili hajafika. Haelewi Kiingereza na mkalimani yuko njiani. Fikiria unamwambia hivyo mwenzako mnayevaa sare moja, pengine amekuzidi cheo, na mnywe chai pamoja kesho yake. Tangazo la kazi halitakuuliza kama unaliweza hilo.

Halafu kuna saa. Mtu asiyeshtakiwa anashikiliwa saa 24. Kwa kosa zito, mrakibu anaweza kuongeza hadi 36, na baada ya hapo ni hakimu peke yake, mwisho saa 96. Katikati, inspekta asiyehusika na kesi anapitia upya sababu za kumshikilia mtu kabla saa 6 za kwanza hazijapita, kisha kila baada ya saa zisizozidi 9. Yote yanaandikwa kwenye rekodi ya mtu huyo, pamoja na chakula alichokikataa na dakika aliyogonga mlango akiomba maji.

Na kuna uhai. Mlevi hachunguliwi tu kwenye kidirisha. Angalau kila nusu saa unaingia ndani, unamwita jina, unamtikisa taratibu. Unaitwa nani? Unaishi wapi? Unadhani uko wapi? Kisha unamwambia afumbue macho, ainue mkono mmoja, halafu wa pili. Asipoitikia, anaitiwa mtaalamu wa afya au gari la wagonjwa. Mara ya kwanza kuona hayo yakifanyika nilikuwa nimekaa nikingoja zamu yangu ya kutafsiri, nikamsikia mtumishi akirudia "Unadhani uko wapi?" kwa sauti ya mama anayemwamsha mtoto.

Hayo yasiposimamiwa ipasavyo, watu wanakufa. Aprili 1998 Christopher Alder, mwanajeshi wa zamani, aliingizwa kituo cha polisi mjini Hull akiwa hana fahamu, akalazwa sakafuni na pingu mikononi. Askari waliokuwepo walizungumza kwamba anajifanya. Kamera ilirekodi mpaka pumzi zake zilipokatika. Mwaka 2000 jopo la wananchi lililochunguza kifo chake lilisema aliuawa kinyume cha sheria. Askari watano walioshtakiwa waliachiwa huru mwaka 2002. Kwa hiyo sharti la sajenti si urasimu, ni jibu la nani atawajibika.

Mimi ni Mkenya, nina kibali cha kudumu. Mpaka nichukue uraia wao? (Msomaji, Reading)

Si lazima. Kwa upolisi, raia wa nchi yoyote anakubaliwa mradi ukaaji wake Uingereza hauna kikomo. Viza ya kazi au ya masomo haitoshi. Upekuzi nao kwa kawaida unataka uwe umeishi nchini miaka 3 ya karibuni, ili wapate cha kuchunguza. Ukirudi nyumbani kwa muda mrefu, hesabu hiyo ijue kabla hujajaza fomu.

Nina uzoefu wa miaka mingi katika polisi ya Tanzania, na nina cheo. Naweza kuingia moja kwa moja kama sajenti? (Msomaji, Dodoma)

Hapana, afande. Cheo cha jeshi la nje hakihamishwi, utaanza ukonstebo kama kijana wa miaka 18, tena baada ya kupata ukaaji usio na kikomo. Uzoefu wako utakusaidia kwenye usaili, na huo si msaada mdogo.

Nilipata onyo la polisi nikiwa mdogo, na sasa nina madeni. Ninyamaze? (Msomaji, Coventry)

Usinyamaze, nakuomba. Kwa kazi za polisi unatakiwa kutaja kila kitu: hukumu, maonyo, hata ya utotoni. Kila jambo linapimwa kwa uzito wake na umri uliokuwa nao. Wataangalia pia fedha zako na watu wako wa karibu. Deni linalolipwa kwa mpangilio unaweza kulieleza. Ukificha, tatizo si deni tena, ni uaminifu wako, na mtu asiye mwaminifu hawezi kuachiwa rekodi ambayo mahakama itaitegemea.

Nina miaka 52, ni muuguzi. Nimechelewa? (Mama wa Birmingham)

Shikamoo mama. Kuomba hakuna umri wa juu, ila konstebo na sajenti hustaafu wakiwa na 60, na kuna mtihani wa kukimbia mita 15 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio. Kwa miaka iliyobaki, mimi ningeitazama kazi ya utumishi raia. Aliyewahi kukesha wodini anajua tofauti ya mtu aliyelala na mtu anayezama.

Sina sifa hata moja, nasoma tu, lakini jambo hili linaniuma. Nifanye nini? (Mwanafunzi, London)

Omba kuwa mtembeleaji huru wa mahabusu. Mpango huu ulitokana na ripoti ya jaji Lord Scarman ya 1981 kuhusu ghasia za Brixton, mtaa wa London, na sasa umo kwenye sheria. Ni kazi ya kujitolea, unarudishiwa nauli. Uwe na miaka 18, uishi, usome au ufanye kazi eneo hilo, upite upekuzi, na usiwe polisi wala hakimu. London inasimamiwa na ofisi ya meya ya mambo ya polisi. Kwingine wengi wapo chini ya kamishna wa polisi na uhalifu. Mnakwenda wawili wawili bila kutoa taarifa, mnamuuliza aliyemo selo kama amekula, kama ameelezwa haki zake, kama anaumwa. Hata mkifika saa nane usiku, mkionyesha vitambulisho wanatakiwa kuwafungulia.