Maswali ya Wasomaji: Matairi Mapana ya Nyuma kwenye Rimu za Kiwandani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki BMW M3 ya kizazi cha E46 ambayo bado ina rimu zake za kiwandani za inchi 18. Nyuma inavaa matairi ya 255/40R18, na kila ninapotoka kwenye kona nikikanyaga mafuta kabla usukani haujanyooka, mkia unanikimbia. Nataka kuweka 275/40R18 nyuma, bila kununua rimu nyingine wala kugusa matairi ya mbele. Fundi wa matairi ameniambia yataingia bila shida, ilhali rafiki yangu anadai nitaliharibu gari. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako amesema kweli, ila amejibu swali dogo kuliko ulilouliza. Tairi la 275 litaingia kwenye rimu hiyo na litajaa upepo kama kawaida. Kuingia ni jambo moja. Kukaa vizuri barabarani gari likiwa limelala kwenye kona ni jambo jingine.

Tuanze na namba zilizo ubavuni mwa tairi. Namba 255 ni upana wa tairi kwa milimita kutoka ubavu hadi ubavu, wala si upana wa sehemu inayogusa barabara. Namba 40 inaeleza kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani milimita 102 kwa tairi lako, na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba upana huo hupimwa tairi likiwa limevalishwa rimu ya kipimo maalumu: kwa 255/40R18 ni rimu yenye upana wa inchi 9, na kwa 275/40R18 ni inchi 9.5. Rimu ya nyuma ya M3 yako, ikiwa kweli ni ile ya inchi 18 iliyotoka nayo kiwandani, ina upana wa inchi 9 kamili. Kwa hiyo tairi ulilonalo sasa linakaa pale pale lilipokusudiwa kukaa, ilhali 275 litakaa kwenye ukomo wa chini kabisa, kwa kuwa upana wa rimu unaokubaliwa kwa tairi hilo kwa kawaida huanzia inchi 9 na kuishia 11. Rafiki yako, basi, ametia chumvi kidogo. Lakini hakukosea mwelekeo.

Kila rimu inapopungua upana kwa nusu inchi, tairi nalo hupungua kwa takriban milimita 5. Utalipia 275 na kutembea na kama 270. Milimita hizo 5 zisingenisumbua mimi. Kinachosumbua ni umbo ambalo tairi linalazimika kuchukua: kingo za ndani zinazoshika rimu zinapobanwa karibu mno, ubavu unavimba kupita ukingo wa rimu na uso wa tairi unafanya mgongo. Katikati panabeba mzigo mkubwa na kuisha mapema, pembeni panagusa barabara kwa shida, na ukikata usukani gari linachelewa kuitikia, kwa sababu ubavu uliovimba hujipinda kwanza ndipo uvute gari. Ukitaka kuliona hili kwa macho, jaza upepo kwa kipimo sahihi, chora mstari mnene wa chaki kukatiza uso wa tairi toka ukingo hadi ukingo, kisha endesha mita chache kwenye lami kavu iliyonyooka. Chaki ikifutika katikati na kubaki pembeni, tairi lako lina mgongo, na upana ulioununua unasafiri nawe bila kufanya kazi.

Hapa panahitaji hesabu kidogo, maana imani ya kwamba tairi pana huongeza eneo la mguso ndiyo inayowapotosha wengi. Tuseme kila tairi la nyuma linabeba kilo 390 na limejazwa upepo wa baa 2.4. Gawanya uzito kwa shinikizo, utapata eneo la mguso la takriban sentimita za mraba 160, na eneo hilo halibadiliki sana ukiongeza upana huku mzigo na upepo vikibaki vilevile. Kinachobadilika ni umbo lake: linapanuka kwa upande na kufupika kwa urefu. Ni kweli kwamba mguso mfupi na mpana husaidia kwenye kona, kwani tairi hufikia nguvu yake ya kushika kwa kupinda kidogo zaidi, na joto hutawanyika kwenye mpira mwingi. Ndiyo maana magari ya mashindano huvaa matairi mapana. Lakini faida hiyo huja tu pale uso wa tairi unapolala sawasawa juu ya barabara, na kinachoulaza ni rimu yenye upana wa kutosha. Barabara ikiwa na maji mambo hugeuka: meno yakiwa na kina kilekile, tairi pana huanza kuelea juu ya maji katika mwendo mdogo kuliko jembamba.

Tazama walivyofanya Honda na gari lao la S2000. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na 225/50R16 nyuma, kwenye rimu za inchi 7.5, na yalijulikana kwa mkia mwepesi kukimbia, hasa mikononi mwa dereva mwenye pupa. Toleo la 2004 lilipokuja na matairi ya nyuma ya 245/40R17, hayakuvalishwa rimu ya upana uleule. Lilipewa rimu ya inchi 8.5, na sehemu za kuning’inizia magurudumu zilirekebishwa pia. Tairi liliongezeka milimita 20 na rimu ikaongezeka inchi nzima. Ukipiga hesabu ya kipenyo cha gurudumu zima utakuta milimita 631 kwa la zamani na 628 kwa jipya, tofauti ya milimita 3 au 4 tu.

Kipenyo ndicho kinachonifanya niikatae 275/40 hata kabla ya kufikia suala la rimu. Tairi lako la sasa lina kipenyo cha milimita 661, na la mbele, ambalo kwa gari hilo ni 225/45R18, lina 660; BMW waliyalinganisha kwa makusudi. Hilo unalolitaka lina 677, yaani limezidi kwa asilimia 2.4. Gia zote zitakuwa nzito zaidi, na gari litaondoka kwa uvivu. Kubwa kuliko hayo, mfumo wa ABS, yaani unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, na ule wa kuzuia gari lisiteleze hufanya kazi kwa kulinganisha mwendo wa kila gurudumu. Magurudumu ya nyuma yakizunguka polepole kuliko ya mbele muda wote, kompyuta inapokea taarifa ambazo haikuandaliwa kuzipokea, na inaweza kuingilia kati mahali pasipostahili au kuchelewa panapostahili. Kama lazima iwe 275, basi 275/35R18 ina kipenyo cha milimita 650, pungufu ya lako kwa asilimia 1.7, na hiyo inavumilika. Lakini nayo hupimiwa kwenye rimu ya inchi 9.5, kwa hiyo lile tatizo la mgongo linabaki palepale.

Nafasi ndani ya madigadi usiibahatishe. Tairi likiongezeka upana kwenye rimu ileile, ongezeko hugawanyika sawa kwa ndani na nje, na upande wa ndani ndio usioonekana kwa urahisi. Bandika udongo wa kuchezea mahali ambapo tairi liko karibu zaidi na shokapu au bodi, wapakie watu wazito viti vya nyuma, pita polepole kwenye tuta, kisha shuka uukague udongo. Ukikuta umebonyezwa au umechanika, jibu umelipata.

Sasa turudi kwenye mkia wako unaokimbia, kwa maana sidhani kama unakimbia kwa sababu ya milimita 20. E46 ilitoka na matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele kwa milimita 30, na kwa nguvu ya injini ile, 255 lenye mpira mzima linatosha barabarani. Angalia kwanza umri wa matairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Mpira uliokwisha kukakamaa hauokolewi na upana. Kagua bushi za nyuma, yaani raba zilizo kwenye viungo vinavyoshika magurudumu, kwa kuwa zikilegea gurudumu hujigeuza lenyewe unapokanyaga mafuta. Kapime pia mwelekeo wa magurudumu kwa mashine. Kama yote hayo ni mazima, nunua 255/40R18 lenye mpira laini wa daraja la juu. Tofauti utakayoihisi kati ya mpira wa kawaida na mpira wa mwendo kasi katika kipimo hichohicho inazidi kwa mbali ile ya kutoka 255 kwenda 275 la mpira wa kawaida. Usishuke chini ya namba ya mzigo wala herufi ya mwendo zilizoelekezwa na kiwanda. Y, kwa mfano, ni kilomita 300 kwa saa.

Ukipitia yote hayo na bado ukataka 275, tafuta rimu za nyuma za inchi 9.5 au 10, na utenge fedha za matairi ya mbele pia. Ukiongeza mshiko nyuma peke yake, pua ndiyo itakayokuwa dhaifu: utakata kona na gari litaendelea kwenda mbele likikataa kugeuka, tabia ambayo M3 yako haina sasa na hutaipenda.

SWALI: Je, nikiweka spesa kati ya rimu na gari, naweza kutumia tairi pana kwenye rimu nyembamba bila tatizo?

JIBU: Hapana. Spesa husogeza gurudumu zima kwenda nje, kwa hiyo huondoa mgusano wa upande wa ndani tu na wakati mwingine huuhamishia kwenye ukingo wa madigadi. Upana wa rimu haubadiliki hata kwa unywele, na tairi litavimba vilevile.

SWALI: Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI lenye 245/40R18 kwenye magurudumu yote manne, rimu za inchi 8.5. Napenda mwonekano wa gari lililojaa nyuma. Naweza kuweka 265/35R18 nyuma tu?

JIBU: Kwa gari lako ningekataa haraka zaidi kuliko nilivyomkatalia mwenye M3. Kwanza, 265/35R18 huhitaji rimu isiyopungua inchi 9, na wewe una 8.5. Pili, gari lako husukumwa na magurudumu yote manne, na katikati kuna difu, yaani gia zinazounganisha mbele na nyuma huku zikiruhusu pande hizo kuzunguka kwa mwendo tofauti kidogo. Kipenyo cha tairi la 245/40 ni milimita 653, cha 265/35 ni 643. Tofauti hiyo inamaanisha kwamba kwa kila kilomita moja magurudumu ya nyuma yatazunguka mara 8 hivi zaidi ya yale ya mbele, hata kwenye barabara iliyonyooka kama rula. Difu ya katikati iliwekwa kumeza tofauti ya muda mfupi ya kwenye kona. Ukiipa kazi hiyo kutwa nzima itachemka, na ukarabati wake utazidi bei ya matairi uliyonunua.

Utasema mbona Nissan GT-R ya R35, nayo ya kusukuma kwa magurudumu manne, ina 255 mbele na 285 nyuma. Pima vipenyo: 255/40R20 ni milimita 712, na 285/35R20 ni 707 na ushee. Tofauti haifiki hata asilimia moja, na kila tairi limepewa rimu yake, inchi 9.5 mbele na 10.5 nyuma, juu ya mfumo uliobuniwa kwa ajili ya vipimo hivyo. Kwa STI yako, ukitaka upana, panua pande zote nne kwa pamoja: rimu nne za inchi 9.5 na matairi manne ya 265/35R18 ya aina moja, yaliyonunuliwa siku moja, baada ya kuhakikisha kwamba ya mbele hayagusi kitu usukani ukikatwa hadi mwisho.