Apdeti Yangu Imekwamia kwa Nani?

Mwezi huu nilipanga kuongelea betri zinazovimba ila nimeziweka pembeni, maana barua za apdeti, yaani toleo jipya la programu inayoendesha simu kama Android, zimezidi, na hii ya kwanza imenigusa kwa sababu huyu ndugu ana haki kabisa ya kukasirika.

Swali: Kaka fundi habari za kazi. Mi niko Houston, Texas, mwaka wa sita sasa. Simu yangu ni Samsung ya bei mbaya, nimeichukua kwenye duka la kampuni ya simu kwa kulipa kidogo kidogo miezi 36, kampuni siitaji maana bado wananidai. Sasa mdogo wangu yuko Mombasa ana simu ileile, jina lilelile, rangi tu ndo tofauti, yeye kanunua dukani kashi. Android mpya ilivyotoka yeye akaipata mapema, akanitumia na skrinshoti ya kunitambia, mi nikibonyeza kuangalia apdeti naambiwa simu yako iko sawa hakuna kipya. Nikasubiri wiki, mwezi, mwezi wa pili, nikapiga kasitoma kea nikawekewa mziki dakika arobaini alafu dada mmoja ananiambia zima simu uwashe tena. Nizime niwashe! Yaani mtu wa Mombasa anamtangulia mtu wa Texas kwenye simu ya kampuni moja? Nani kaishika apdeti yangu na anaifanyia nini huko?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, na huyo mdogo wako mwambie aache nyodo maana na yeye zamu yake ya kuchelewa itafika.

Simu zenu ni mapacha kwa sura tu. Ingia mipangilio, kuhusu simu, soma namba ya modeli. Ya kwako itaishia na U, hiyo ndo ya makampuni ya simu ya Marekani, ya mdogo wako kama ni ya miaka hii itaishia na B, ya kimataifa. Herufi moja tu, lakini njia ya apdeti ni mbili tofauti kabisa. Ya Mombasa inaenda hivi: Google anatoa Android, watu wa chipu kama Qualcomm wanaiweka sawa na chipu yao, Samsung anaongeza mapambo yake, anaijaribu, anaituma, basi. Ya kwako ikitoka Samsung haiji kwako, inaenda kwanza kwenye maabara ya kampuni inayokuuzia laini na wao ndo wanaosema ipite au isipite. Wanapima kupiga simu juu ya 4G, kupiga kwa waifai, simu za dharura za 911, na wanaangalia pia kama zile apu zao walizokujazia humo ambazo hujawahi hata kuzifungua bado zinawaka. Wakikuta kasoro ndogo inarudishwa Samsung, inatengenezwa, inaanza foleni upya, na kila kampuni ina foleni yake ndo maana unaweza kukuta jirani yako wa mtandao mwingine kashapata na wewe bado.

Sasa mimi sina ugomvi na kupima. Ugomvi wangu ni kwamba huyu mpimaji hana haraka. Simu kashakuuzia, miezi 36 umeshafungwa, apdeti haimuingizii hata senti moja, lakini ikija kuharibu kitu ni wateja wake ndo watakaompigia kelele. Mtu wa hivo atakimbilia wapi?

Na usidhani ni la leo. Desemba 2011 Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, walianza kuuza Galaxy Nexus, simu ambayo Google mwenyewe aliinadi kuwa ndo kioo cha Android, watu wakaigombea wakijua ukiwa na simu ya Google apdeti unapata wa kwanza. Julai 2012 Android 4.1 ikatoka, wenye Galaxy Nexus zisizouzwa na kampuni yoyote ya simu wakaipata mwezi huohuo, wa Verizon wakangoja mpaka Septemba. Ikaja 4.2 Novemba hiyohiyo, wa Verizon wakaja kuionja Machi 2013! Miezi minne, kwenye simu ya Google. Na hapo ni baada ya Mei 2011, kwenye mkutano wa Google, makampuni makubwa ya simu na watengenezaji kuahidi kwamba simu mpya zitapata apdeti kwa miezi 18, ahadi ikafa kimyakimya bila hata matanga. Aprili 2013 watetezi wa haki za raia wa ACLU wakapeleka malalamiko serikalini, kwa FTC wanaosimamia biashara, wakiwataja AT&T, Verizon, Sprint na T-Mobile kwamba wanawauzia watu simu alafu hawazizibi matundu ya usalama. Kwaiyo hasira yako ina wazee wake.

Utaniuliza mbona mwenye iPhone halalamiki. Apple alipoingia mkataba na AT&T wa kuuza iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 alikataa kuachia programu ya simu, AT&T auze laini na bando, ya ndani ya simu ni ya Apple. Wengine wote walikuwa wanazipigia magoti kampuni za simu ili simu zao ziuzwe. Ndo maana leo iPhone ya Houston na ya Mombasa zinaapdeti siku moja.

Cha kufanya kwa sasa, kwanza acha kuhesabu namba ya Android, tazama tarehe. Kule kwenye maelezo ya programu kuna mstari wa kiraka cha usalama, yaani apdeti ndogo ya kuziba matundu, wenye mwezi na mwaka. Ikiwa ni ya miezi miwili mitatu nyuma lala usingizi, ikiwa imepita nusu mwaka hapo wapigie tena na uwatajie hiyo tarehe, si namba ya Android, utaona hata sauti inabadilika. Pia kuna apdeti ya mfumo wa Google Play humohumo kwenye mipangilio, hiyo ilianza na Android 10 mwaka 2019, inaleta vipande vya mfumo moja kwa moja kutoka Google na kampuni yako ya simu haina mkono hapo, ibonyeze mwenyewe. Simu ijayo ukishamaliza deni nunua Pixel, simu ya Google mwenyewe, au Samsung isiyofungwa kwenye kampuni ya simu, ile ambayo namba yake ya modeli inaishia U1. Ingawa na hiyo U1 kuna kichekesho, enzi za Galaxy S8 mwaka 2018 wenye U1 waliipata Android 8 nyuma ya wateja wa makampuni, kwaiyo ningekuwa mimi ningeenda Pixel.

Swali: Fundi nakuheshimu lakini toleo lililopita ulisema makampuni ya simu ni wavivu tu wa apdeti na hapo umetuonea. Mimi nimefanya kazi miaka mingi upande wa mitambo, nchi siisemi. Apdeti mbovu ikiwaingia wateja laki moja usiku, asubuhi hawawezi kupiga simu, wewe mwandishi utakuwa umelala na sisi ndo tunatukanwa. Bora ichelewe. *Mhandisi mstaafu*

Jibu: Shikamoo mzee. "Wavivu" nalirudisha, lilinitoka kwa hasira. Na hoja yako naiongezea nguvu mwenyewe: Septemba 24, 2014 Apple alitoa iOS 8.0.1, apdeti ya programu ya iPhone, na watu wa iPhone 6 na 6 Plus waliowahi kuiweka wakajikuta simu haishiki mtandao, hata kidole haisomi. Apple akaivuta kama saa moja baadae. Kampuni ya simu ingepewa nafasi ya kuipima ingeiona siku hiyohiyo, hilo nakubali mzee wangu.

Ila angalia na kilichofuata. Dawa yake, 8.0.2, ilikuwa mikononi mwa watu kesho yake. Ingekuwa inapita kwenye zile foleni zenu wale watu wangekaa na simu zisizoshika mtandao, matofali matupu mfukoni, wiki ngapi? Pimeni, lakini siku mliyopokea iandikwe na siku ya mwisho ya kujibu iandikwe, mteja azione. Hakuna anayewachukia kwa sababu mnapima, watu wanachukia kuwekewa mziki dakika arobaini.

Swali: Mambo vipi broo. Nimenunua Samsung S9 yuzdi hapa Kariakoo, jamaa kaapa "mzee hii ya Marekani orijino", na kweli ikiwaka inaleta nembo ya kampuni ya simu ya huko na sauti yake kabisa. Laini zangu zinashika vizuri ila tangu ninunue haijawahi kuapdeti hata mara moja. Fundi mmoja pale anasema kampuni ya Marekani ndo imeiblok, nimpe elfu thelathini aiflashi, yaani aiwekee programu upya, itaapdeti mpaka basi. Nimpe?

Jibu: Usimpe hata mia. Kasema nusu ukweli na nusu ukweli ndo inayokula hela za watu.

Ukweli ni huu, kufunguliwa laini na kufunguliwa programu ni vitu viwili. Yako imefunguliwa laini ndo maana inakubali laini za hapa, lakini programu iliyomo bado ni ya ile kampuni, na baadhi ya hizo simu hazipewi apdeti mpaka zihisi laini ya kwao ndani. Hapo yuko sahihi. Asichokwambia ni kwamba S9 ilitoka 2018 na Android 8, ikafika Android 10 ikaishia hapo, na viraka vya usalama Samsung aliacha kuileta 2022. Hakuna apdeti inayokusubiri upande wa pili! Akiiflashi vizuri kabisa utakachopata ni ile nembo kuondoka, na akiiflashi vibaya, mfano akilazimisha programu ya simu ya kimataifa kwenye simu ya Marekani, unarudi nyumbani na simu iliyokufa kama tofali. Na kwenye kuflashi picha zako huwa zinafutika, hilo wengi huwa wanalisema baada.

Itumie kwa simu na mitandao ya kijamii ila miamala mikubwa ya benki ningeihamishia kwenye simu nyingine. Siku ukirudi Kariakoo usiulize "ya Marekani au ya Dubai" tu, uliza namba ya modeli alafu piga hesabu ya mwaka ilipotoka. Galaxy S24 ya 2024 Samsung kaahidi miaka 7, kwaiyo mpaka 2031, Pixel 8 ya 2023 nayo Google kasema 7. Simu ya miaka minne yenye ahadi ya miaka minne siyo ofa hata ikiwa inang'aa kama sahani ya harusi.

Swali: Sasa fundi, niko Nairobi. Nashuku mtandao wangu ndio unanizuilia apdeti ndio niendelee kununua bando. Ni ukweli?

Jibu: Hapana, hapo umewasingizia. Simu nyingi madukani Kenya na Tanzania zinauzwa zikiwa huru na apdeti inatoka kwa mtengenezaji. Inatumwa kwa mafungu kwaiyo unaweza kukuta ya rafiki yako imetangulia wiki mbili, na simu ikijaa apdeti haiingii, punguza zile video za magrupu kwanza. Kama ni simu ya mkopo ile inayojifunga usipolipa, hiyo ni kufuli la deni, jambo lingine. Na kama ni simu ya bei ya chini kuna uwezekano mkubwa hakuna apdeti yenyewe, nyingi zinazaliwa na Android moja na zinazikwa nayo, lawama peleka kwa mtengenezaji.

Swali: Assalaam aleikum mwanangu. Mie bibi yako nipo Muscat, asili yangu Unguja. Mjukuu wangu kanizimia hizo apdeti, anasema zinakula intaneti na kuifanya simu nzito, na mie sina siri ndani ya simu, naongea na watu wangu WhatsApp tu. Nimwachie hivyo hivyo?

Jibu: Waaleikum salaam bibi, shikamoo. Usimwachie. Mwezi Julai 2015 wataalamu walitangaza tundu kwenye Android lililoitwa Stagefright, mtu alikuwa anaweza kukutumia ujumbe wa video tu na simu ikaingiliwa kabla hata hujaufungua, na walikadiria simu zilizokuwa hatarini ni kama milioni 950. Baada ya hapo ndo Google na Samsung wakaanza kutoa viraka kila mwezi. Huyo mwizi hatafuti siri zako bibi, anataka namba za watoto wako ili awaombe hela kwa jina lako, na wao wakiona ni bibi hawaulizi mara mbili, wanatuma.

Kwenye uzito mjukuu hajakosea sana, simu kuukuu ikipewa Android mpya kubwa inaweza kuchechemea. Lakini vile viraka vya kila mwezi ni vidogo na havileti uzito huo. Mwambie aviwashe viingie kwa waifai peke yake, usiku, simu ikiwa kwenye chaji, asubuhi ukiamka ikikuuliza namba yako ya siri usishtuke, imejizima na kujiwasha yenyewe.