Muulize Mwalimu: Mapacha wangu wametenganishwa darasani

*Shikamoo Mwalimu. Nina mapacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, wako Darasa la Tano hapa Morogoro. Tangu Januari mwalimu mkuu amepanga mikondo upya: A wavulana watupu, B wasichana watupu. Kwenye kikao cha wazazi alisema wasichana wataacha aibu, wavulana watatulia, na kwamba ubongo wa mvulana hujifunza kwa namna yake. Tulipiga makofi, na mimi nikiwemo. Sasa nikikagua madaftari jioni namwona Kulwa anajumlisha sehemu zenye asili tofauti, Doto bado yuko kwenye zenye asili moja. Mwalimu wa Hesabu ni huyohuyo mmoja. Nianzie wapi?*
Mama Kulwa, Morogoro

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye ratiba. Mwambie kila mtoto akuandikie vipindi vyake vya Hesabu, siku na saa. Nina wasiwasi utakuta mkondo A wanasoma Hesabu saa mbili na nusu asubuhi, na mkondo B saa saba mchana, bati limepata moto, watoto wengine hawajatia kitu tumboni tangu chai ya alfajiri. Mwalimu akiwa mmoja na mikondo miwili, kuna mkondo unaompata akiwa na nguvu na mwingine unaompata amechoka. Kikao cha walimu kikirefuka, kipindi kinacholiwa ni cha mchana. Wiki tatu za namna hiyo zinatosha kumwacha Doto kabla ya KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, kinachohitajika kujumlisha sehemu zenye asili tofauti.

Ukiikuta hali hiyo, nenda kwa mwalimu wa taaluma ukiwa na madaftari yote mawili. Usiende kulaumu. Omba mikondo ipokezane: wiki hii A asubuhi, wiki ijayo B. Ikishindikana, peleka kamati ya shule.

Sasa hili la kutenganisha lenyewe. Nimefundisha shule za msingi miaka 34, mingi mkoani Tanga, na mwaka mmoja nililijaribu. Nilikuwa na Darasa la Tano lenye watoto 80 na zaidi, wavulana wakijibu kabla swali halijaisha. Nikawatoa wasichana kipindi cha Hesabu, nikawafundishia chini ya mwembe. Kweli walichangamka. Kuna mtoto sikuwahi kuisikia sauti yake tangu Darasa la Tatu, siku hiyo alishika chaki akagawanya 144 kwa 12 akieleza kila hatua. Nilifurahi mno. Lakini niliporudi kwa wavulana nilikuta zogo, na wale wapole wa kiume, ambao na wao walikuwa hawanyooshi mkono, walikuwa wamemezwa zaidi ya mwanzo. Nilikuwa nimewasahau hao kabisa.

Muhula uliofuata nikawarudisha pamoja. Nikamwomba mwenzangu akae nyuma na karatasi, aweke alama kila ninapomtaja mtoto. Kipindi kimoja: wavulana mara 17, wasichana mara 4. Niliona haya mpaka jasho. Siku zote nilikuwa nikisema wasichana hawa wana aibu, kumbe mimi ndiye siwaiti. Nikaandika majina yote kwenye vikaratasi, nikavitia katika kopo la maziwa, kila swali nachomoa kimoja na kusubiri, hata kama kimya kinauma. Yule mtoto wa mwembeni alijibu mbele ya wavulana 40.

Hayo ya ubongo usiyape uzito. Watafiti watatu wa Marekani, Erin Pahlke, Janet Hyde na Carlie Allison, mwaka 2014 walikusanya tafiti 184 zenye wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 21. Kwenye tafiti zilizolinganisha kwa haki, tofauti kati ya waliotenganishwa na waliochanganywa ilikuwa ndogo sana au haipo. Najua watu watakutajia Kilakala na Msalato, za wasichana watupu. Ni shule nzuri, nami nilisoma sekondari ya wasichana watupu na naishukuru. Ila hizo ni sekondari za vipaji maalumu, zinapokea watoto waliokwisha kuchujwa kwa alama. Doto ana miaka kumi na shule yake ni ya jirani.

Kinachonitisha zaidi ni kile watoto wanachojifunza bila kufundishwa. Lacey Hilliard na Lynn Liben, mwaka 2010, waliandika kuhusu madarasa ya chekechea ambako walimu, kwa wiki mbili tu, waliwapanga watoto mistari na kuwaita kwa wavulana na wasichana. Watoto wale wakapunguza kucheza na wa jinsia nyingine, na wakazidi kuamini kwamba kazi hii ni ya kiume, ile ya kike. Jioni moja muulize Doto, kwa upole, kwa nini anadhani Kulwa yuko mbele. Akikujibu "wavulana ndio wanaweza Hesabu," mpelekee mwalimu mkuu jibu hilo kama lilivyo.

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Darasa la Sita, Pangani. Nikifika kwenye balehe wavulana wanacheka, wasichana wanainamisha vichwa. Niwatenganishe?*
Mwalimu wa kiume

Marahaba. Hapo ndiyo, kwa kipindi kimoja. Mwombe mwalimu wa kike au muuguzi wa zahanati akae na wasichana, awaonyeshe taulo ya kike inavyofunguliwa na inavyovaliwa, waulize wanalotaka. Wewe baki na wavulana, uwaeleze hedhi ni nini bila kupunguza neno. Mvulana asiyejua ndiye anayecheka doa kwenye sketi. Kesho yake wakae pamoja, mrudie somo lote.

Na hesabu vyoo. Mwongozo wa shule zetu unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kama wasichana wako hawana mlango unaofungika na maji ya ndoo, wapo watakaobaki nyumbani siku hizo, na kipindi chako hawatakisikia.