Mbwa wa kunusa sukari kwa mtoto mwenye kisukari: je, yafaa kumweka nyumbani?

SWALI

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama kutoka Unguja, naishi Uingereza na mume wangu na watoto watatu. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, na ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miaka minne. Usiku sukari yake hushuka ghafla, na siku hizi yeye mwenyewe hahisi dalili. Ana kifaa cha kubandika mkononi, lakini kimewahi kuchelewa kulia, tukamkuta hajitambui, tukaita ambulensi. Madaktari wametushauri tuombe mbwa aliyefunzwa kunusa sukari inaposhuka. Mama mkwe anasema mbwa akiingia, yeye hatokanyaga tena kwetu. Na kuna sauti ya mhadhiri mmoja inazunguka kwenye WhatsApp, anasema nyumba yenye mbwa haikubaliwi sala siku 40, malaika hawaingii, na mbwa walioruhusiwa ni watatu tu. Sheikh, silali. Nifanye nini?

JAWABU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, Mwenyezi Mungu amponye mwanao na akulipe kwa kila usiku uliokesha juu ya kitanda chake. Nakupa hukumu kwanza, dalili zifuate, maana aliyechoka hazungushwi: ikiwa madaktari wanaomtibu ndio walioshauri, na mbwa mwenyewe amefunzwa kweli kazi hiyo, inajuzu kumweka nyumbani. Huna dhambi, na thawabu zako hazipungui.

Sauti hiyo imenifikia na mimi. Nimeisikiliza mpaka mwisho, na ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu, kwa sababu msemaji amezichukua hadithi sahihi, akazichanganya na zisizohusika, kisha akawatia hofu kina mama wenye watoto wagonjwa.

Nianze na hizo siku 40. Kilichopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu kufuga mbwa, kutoka kwa Abu Hurayra na Ibn Umar, ni kwamba anayefuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba, hupungukiwa kila siku na thawabu kiasi cha kirati moja (kirati ni kipimo cha thawabu), na katika riwaya nyingine kirati mbili. Siku 40 zimo katika hadithi nyingine kabisa ya Muslim, inayomhusu mtu anayemwendea mpiga ramli kumuuliza jambo. Adhabu ya mwenda kwa wapiga ramli ametwishwa mama anayemwokoa mwanawe! Huko ni kumnasibishia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, neno ambalo hakulisema mahali pale, na anayepanda mimbari anapaswa kuujua uzito wa jambo hilo.

Ama kauli ya "watatu tu", namuuliza msemaji: kwa nini hao watatu? Mwindaji anataka chakula, mchungaji anataka mbuzi wake wasiliwe na fisi, mkulima anataka shamba lake lisivamiwe. Wote wana haja, na Sharia imeitazama haja yao. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafi wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ndiye tunayemtegemea, amelijadili suala hili katika sharhe yake, yaani ufafanuzi wake, wa Sahihi Muslim. Anauliza: je, yafaa kufuga mbwa wa kulinda nyumba na njia, naye hakutajwa miongoni mwa watatu? Anataja kauli mbili za madhehebu, kisha anasema iliyo sahihi zaidi ni kwamba yafaa, kwa kukisia juu ya wale watatu, kwa sababu illa, yaani sababu ya hukumu, inayofahamika katika hadithi ni haja. Na kabla yake, Ibn Abdil-Barr, Mmaliki wa Andalusia aliyefariki mwaka 463 wa Hijria, aliingiza katika maana ya hadithi kila manufaa na kila kinga ya madhara ambayo mtu anaihitajia. Basi mbwa akihalalika kwa ajili ya roho ya mbuzi, mtu atasemaje kuwa hahalaliki kwa roho ya mtoto? Hiki ni kiyasi cha awla, yaani kinachoruhusiwa kwa jambo dogo kinastahiki zaidi kuruhusiwa kwa kubwa, na wanafunzi wetu wanakisoma mapema kabisa katika usuli, elimu ya misingi ya sharia.

Tena elimu ya mnyama aliyefunzwa ameitaja Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura al-Maida, aya ya 4, akahalalisha kula alichokamata. Pua ileile inayomfikisha mbwa kwa swala porini ndiyo inayonusa mabadiliko ya pumzi na jasho la mtoto.

Kuhusu malaika, hadithi ya Abu Talha, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, ni sahihi na hatuikwepi. Wanavyuoni wametofautiana katika kuifahamu. Al-Khattabi, mwanachuoni wa zamani wa hadithi, ameona inamhusu mbwa ambaye ni haramu kumfuga, na walioruhusiwa hawaingii humo. Nawawi ameona ni ya kila mbwa, na sifichi kwamba ni yeye huyohuyo niliyemtegemea hapo juu. Mimi kauli ya al-Khattabi naiona ina nguvu, maana haielekei Sharia imruhusu mtu jambo kisha imnyime rehema kwa kulifanya. Lakini hata ukishika ya Nawawi, hajasema kufuga mbwa huyo ni haramu. Na wameeleza kuwa malaika wanaokusudiwa ni wale wanaozunguka na rehema na baraka. Wenye kuandika amali na kumhifadhi mja hawaachani naye kwa sababu ya mbwa. Kwa hiyo kumwambia mtoto wa miaka tisa kwamba atakufa malaika wamemkimbia ni ukatili, na hauna msingi.

Kuna wanaopinga kwa njia nyingine: vifaa vipo, haja iko wapi? Hoja hii ina uzito, na ndiyo sababu nimeshurutisha rai ya daktari. Kifaa kikimtosha mtoto, mbwa hana nafasi. Lakini kifaa hicho hupima maji yaliyo chini ya ngozi, si damu yenyewe, kwa hiyo hubaki nyuma kwa dakika kadhaa sukari inaposhuka kwa kasi. Na mtoto asiyehisi dalili, dakika hizo ni nyingi. Mbwa naye si mkamilifu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol uliotoka mwaka 2019 uliwapima mbwa 27 waliofunzwa, na kwa wastani wa kati walitambua asilimia 83 ya nyakati za sukari kushuka, wengine wakiwa hodari na wengine chini ya hapo. Basi akitoa ishara, mchome mtoto kidole upime. Asipotoa, kifaa kibaki mkononi. Tawakkul yetu ni kwa Allah, na sababu tunazishika zote.

Na anayeshtuka kusikia najisi na matibabu kwa pamoja, akumbuke kuwa kabla ya insulini ya aina ya binadamu kuanza kutumika mwaka 1982, wagonjwa walichomwa iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, na wanavyuoni wengi waliiruhusu ya nguruwe kwa dharura. Hapa hakuna kinachoingia mwilini mwa mtoto.

Sasa twahara. Kwetu Mashafi mbwa mzima ni najisi nzito, lakini kikavu kwa kikavu hakinajisishi, na kumgusa mbwa hakutengui udhu. Kinacholazimu kuoshwa ni kilichopata mate au unyevu wake, mara saba, moja kwa udongo. Weka ndoo ndogo ya udongo safi bafuni. Zungumza na wakufunzi mapema: mbwa wengine hutoa ishara kwa kulamba, lakini hufunzwa pia kugusa kwa mguu, kuleta mfuko wa vipimo au kubonyeza kengele. Omba afunzwe kengele au mfuko, na kitakacholowa kitakuwa kidogo. Alale chumbani kwa mtoto, kwa sababu kazi yake iko hapo. Chumba cha kusalia asiingie. Mtoto awe na kanzu yake ya sala, itunzwe mbali. Na mkishindwa, maana nguo na mazulia ya Uingereza wakati wa baridi si jambo jepesi, inajuzu kwenu kufuata kauli ya Imam Malik kwamba mbwa ni twahara. Ni madhehebu ya haki, hamtakuwa mmecheza na dini.

Bei ya mbwa imekatazwa katika hadithi, na kwetu kumuuza hakusihi. Pendeleeni mashirika ya hisani kama Medical Detection Dogs, lililoanzishwa huko Uingereza mwaka 2008, ambayo huwakabidhi wagonjwa mbwa bila kuwauzia, hata kama foleni ni ndefu. Wauzaji wa mitandaoni wanaodai maelfu ya pauni kwa kijibwa kisichofunzwa waogopeni. Wanawala wazazi waliokata tamaa. Mbwa akizeeka au haja ikiisha, ruhusa nayo inaisha, arudishwe shirika limtafutie makao. Na akiwa kwenu ana haki ya chakula, maji na mapumziko. Mmekwisha kusikia habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Mama mkwe wako asibishiwe, na hasa usimbishie wewe. Amelelewa katika heshima ya twahara, na hofu yake ni ya dini. Mumeo ndiye azungumze naye, kwa upole, amsomee aliyoyasema Nawawi, kisha amwonyeshe chumba ambacho mbwa haingii, kina mswala wake na birika lake. Akiendelea kukataa, mwendeeni nyinyi kwake kila wiki na watoto, msikate udugu. Mumeo pia achukue usiku wake wa kukesha. Mwili wako una haki juu yako, na mama aliyeanguka kwa uchovu hamsaidii mtoto.

Madrasa ndiko ninakokuhofia zaidi. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimkubali kijana asiyeona aje na mbwa wake anayemwongoza, ukamtengea mbwa mahali pa kupumzika mlangoni. Ombeni utaratibu kama huo. Mwalimu ajue kwamba sukari ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), au mtoto akitokwa na jasho, akitetemeka au akaanza kuropoka, anapewa juisi tamu papo hapo, hata katikati ya hizbu, hata Ramadhani mchana. Mtoto huyu hajabaleghe, asishindanishwe na wenzake katika funga. Ikiwa mwalimu atamfukuza kwa sababu ya mbwa, nipatie namba yake, nitazungumza naye mwenyewe. Wallahu aalam.